Pointi za Kaka

Mwaka jana mteja mmoja wa ng'ambo aliniagiza makala ya maneno elfu mbili kuhusu namna ya kuchagua hoteli ya kisiwani unapotaka kulipia kwa pointi badala ya pesa. Kazi za aina hii ndizo zinazonilisha tangu niache chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda. Nimeandika kuhusu mikopo ya nyumba Canada, viatu vya mbio, mafuta ya ndevu. Jina langu halitokei popote. Naandikia chumbani kwangu Ukunda, chini ya mabati, na joto likizidi nahamia barazani kwa duka la M-Pesa la jirani. Kutoka hapo hadi ufuo wa Diani ni mwendo mfupi wa tuktuk. Basi mimi, ninayeishi mahali ambapo watu hupanda ndege usiku kucha kuja kuota jua, nilikaa siku tatu nikiwaelekeza watu nisiowajua jinsi ya kulala kisiwani bure.

Makala ilitoka vizuri, sitajidharau. Nilieleza kwamba kabla ya kutumia pointi uangalie kwanza bei ya pesa taslimu ya chumba hicho usiku huo huo, ugawanye kwa idadi ya pointi, ndipo ujue kama unapata au unapunjwa. Kwamba kuna makampuni ambayo ukilipia usiku nne kwa pointi wanakuongezea wa tano. Kwamba uulize kama kiamsha kinywa kimo. Na kwamba kule Maldives chumba kinaweza kuwa bure kabisa, lakini ndege ya majini ya kukufikisha kisiwani ikakutoza mamia ya dola, kwa hivyo usijisifu kabla hujaona risiti ya usafiri. Nilituma, nikalipwa, nikasahau.

Wiki mbili baadaye kaka akapiga simu kutoka Nairobi. Kaka yangu anafanya kazi na shirika la afya, mambo ya malaria na kichocho, na kila mwezi yuko njiani: Kampala, Kigali, Dar, Addis. Alikuwa na pointi 480,000 kwenye programu ya hoteli moja kubwa ya kimataifa. Alitaka kumpeleka Mama kupumzika, usiku tano. "Wewe ndiye mtaalamu," akasema, nusu akinichezea. "Nichagulie kisiwa."

Lazima niseme kidogo kuhusu Mama. Amezeeka Msambweni akiuza mahamri, na katika maisha yake yote, pwani hii ya mahoteli, hajawahi kulala hotelini hata usiku mmoja. Baba ndiye aliyekuwa huko, lakini upande wa nyuma: miaka 22 kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja ya Diani, akifua na kupiga pasi mashuka. Alianza 1998, utalii ulipokuwa umelala chini baada ya vurugu za Likoni za Agosti 1997, na akarudishwa nyumbani 2020 korona ilipofunga kila kitu. Alikuwa akitusimulia kwamba hotelini kwao kulikuwa na ukuta wa picha za wageni waliorudi mara kumi, mara kumi na tano. Waliandaliwa chakula cha jioni, wakapewa keki. Waaminifu, waliitwa. Vitambaa vya meza vya sherehe hiyo alivipiga pasi yeye. Alifariki mwaka mmoja baada ya kurudi nyumbani.

Kwa hivyo kaka aliposema Mama, sikuuliza maswali. Nilifungua programu ile kwa nywila yake nikaanza kutafuta. Cha kwanza kilichonichekesha ni kwamba visiwa vyetu havimo. Funzi haimo. Wasini haimo. Chale, ambako upande mmoja kuna hoteli na upande mwingine kuna kaya ya Wadigo, haimo pia. Ukiandika "kisiwa" kwenye pointi za kaka unapelekwa Mauritius, Maldives, Shelisheli, Unguja. Nikachagua Unguja: Mama hahitaji viza, ataelewana na watu, na adhana ataisikia. Nilikadiria thamani ya kila pointi kama nilivyowafunza wale wengine. Hesabu ilikuwa nzuri sana.

Nikaenda Msambweni kumpa habari. Nilimkuta alfajiri jikoni, mafuta yanachemka.

"Hizo pointi kapewa na nani?" akauliza.

"Na hoteli, Mama."

"Kwa ajili gani?"

"Kwa sababu analala kwao kila akisafiri."

"Na analipa yeye?"

Nikasema hapana, shirika ndilo linalolipa. Hakujibu. Aligeuza mahamri yote kwenye karai, moja moja, kisha akanisimulia kisa ambacho yeyote aliyepita madrasa pwani hii anakijua. Ni cha yule mtu aliyetumwa na Mtume kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili mimi nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari akauliza: mtu huyo angekaa nyumbani kwa babake au mamake, zawadi hiyo ingemfuata huko?

"Sasa niambie wewe uliyesoma," Mama akasema. "Kaka yako angekaa hapa Msambweni, hizo pointi zingekuja?"

Nilitetea. Nilimwambia kaka hajaiba. Shirika lingelipia chumba vilevile, pointi zisipochukuliwa na yeye zinapotea tu hewani, hazimrudii mfadhili. Tena msafiri naye ana gharama ambayo haiandikwi popote. Kaka amekosa siku za kuzaliwa za watoto wake wawili, ameugua peke yake kwenye vyumba vya Addis, amelala nusu usiku kwenye viwanja vya ndege. Pointi ni kifuta jasho. Niliamini kila neno, na sehemu kubwa bado naamini.

Lakini usiku ule nikampigia kaka nimuulize swali moja tu: ukiwa Kampala, hoteli unachagua wewe au ofisi? Akasema yeye. Kuna nyumba ya wageni karibu na ofisi yao, safi, dola 95. Hiyo ya pointi ni 180, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa. "Sasa nitalala ya 95 kwa nini, na 180 imeruhusiwa?"

Hapo ndipo hadithi ya pointi kupotea hewani ilipoanguka. Hazikutoka hewani. Tofauti ni dola 85 kila usiku, kama shilingi 11,000. Kwa bei ya Mama, mahamri 1,100. Na hii si ajali, ndiyo mashine yenyewe inavyofanya kazi. American Airlines walianzisha mpango wao 1981, na miaka miwili baadaye mahoteli makubwa ya Marekani yakafuata, na mteja waliyemtaka kuliko wote ni huyu huyu: mtu anayesafiri mara kwa mara kwa pesa ambazo si zake. Mtu anayelipa mwenyewe huangalia bei. Mtu anayelipiwa huangalia anachopata. Ukimpa huyu wa pili kitu kidogo pembeni, atakuletea pesa za mwajiri wake bila hata kujua kwamba amezileta. Kwetu polisi akipokea kitu kidogo pembeni ili achague kutoona, tunaita chai. Ati hii ya hoteli tunaiita uaminifu.

Nikajiuliza wenzetu wameamuaje. Nikakuta hawajaamua. Marekani ilipitisha sheria mwishoni mwa 2001 kwamba mfanyakazi wa serikali aliyesafiri kikazi abaki na pointi zake. Kabla ya hapo zilikuwa mali ya serikali. Miezi saba hivi baadaye, Julai 2002, Gregor Gysi akajiuzulu uwaziri wake katika serikali ya jimbo la Berlin kwa kutumia maili alizokusanya kwenye safari za kibunge kwa safari yake binafsi, na Cem Özdemir naye akaachia wadhifa wake chamani katika sakata hilo hilo. Kitendo kimoja, huku ni haki yako, kule kinakuondoa kazini. Sisi Kenya tuna kifungu cha 76 cha Katiba ya 2010: zawadi anayopewa afisa wa dola katika shughuli rasmi ni zawadi kwa Jamhuri. Kaka si afisa wa dola. Lakini ukisoma kifungu kile na kisa cha mkusanya zaka, utaona vimeandikwa na mtu aliyekuwa na wasiwasi mmoja.

Kaka alikasirika, na hasira yake ilikuwa na uzito. "Mbona hukuuliza maswali haya nilipokulipia karo?" Ni kweli. Mihula miwili kabla sijaacha, alinilipia yeye, kwa posho za safari alizobana kwa kula chapati na chai badala ya chakula cha maana. Nilinyamaza siku nzima na swali hilo. Jibu nililopata halinipendezi sana, lakini ndilo nililo nalo. Posho alipewa na anayelipa, akijua anampa, na akijua kwamba kisicholiwa kinabaki mfukoni mwake. Pointi anapewa na anayelipwa, na anayelipa hana habari. Nikamuuliza kaka kama angeweza kuandika kwenye ripoti ya safari: nililala hapa kwa 180 badala ya 95, na nikapata pointi kadhaa zangu binafsi. Akasema hakuna anayeandika hivyo. Akamuuliza mkubwa wake, mkubwa akacheka, kwani naye ana zake milioni.

Nilipompelekea Mama jibu hilo, alisema: "Sikusema awaulize wanaofanya kama yeye."

Siku hiyo nami nilikuwa na jambo la kumwuliza, manake nilianza kuchoshwa na usafi wake. Utotoni tulilala kwenye mashuka ya hoteli. Meupe, mazito, yenye nembo ya hoteli kwenye pindo. Baba aliyaleta. Na vipande vya sabuni, na ndara za vitambaa. Je, hayo yalikuwa nini?

Mama akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya plastiki yenye karatasi za Baba: barua ya kuajiriwa, barua ya kurudishwa nyumbani, kadi za hospitali. Katikati yake kulikuwa na vikaratasi vidogo, labda tisa, vya rangi ya waridi iliyopauka. Shuka mbili zilizochakaa, zimetolewa kwa fulani, tarehe, sahihi ya mkubwa wa idara, na chini yake sahihi ya askari wa getini. Baba hakutoka na shuka iliyotoboka bila mtu wawili kuandika kwamba ameruhusiwa. Na hata akiwa na karatasi, askari alifungua mfuko akahesabu.

Mama hakusema kitu. Alinipa tu nisome, moja baada ya nyingine, halafu akazirudisha.

Nimekifikiria kitu hicho kuliko Katiba na kuliko Berlin. Si kwamba Baba alikuwa mtu mwema kuliko kaka. Sidhani. Baba angepewa simu yenye pointi 480,000 pengine angetupeleka Mauritius wote, na mie ningemshangilia. Ila Baba alikuwa na geti. Kila alichopata kazini kilipita mbele ya macho ya mwenye mali kabla ya kufika kwetu, kwa dharau, ndiyo, kwa kupekuliwa kama mwizi, jambo ambalo hadi leo wafanyakazi wa mahoteli haya wanalijua kila jioni zamu ikiisha. Kaka amepanda hadi mahali ambapo hakuna geti. Mfuko wake haufunguliwi. Kitu kinamwingilia simuni usiku akiwa amelala, na ujumbe unamshukuru kwa uaminifu wake. Sijui kama ningekuwa mimi ningejitengenezea geti langu mwenyewe. Nakumbuka tu kwamba nilipokuwa nachagua chumba kile cha Unguja sikujiuliza chochote. Nilikuwa nimeshaona picha ya kitanda.

Mama alikataa kwenda. Alikataa bila makelele, alisema magoti. Desemba nikampeleka Wasini kwa pesa ya makala nyingine, ya vifaa vya kupima sukari. Matatu hadi Shimoni, boti ya abiria, tukatembea kwenye daraja la mbao la akina mama wa Wasini juu ya matumbawe, tukala kaa na wali, alasiri tukarudi. Hakulala hotelini. Alisinzia kidogo kwenye benchi, kichwa kimeegemea begani kwangu, nikaogopa kusogea.

Kaka alikwenda Unguja na wifi, pointi zisije zikaisha muda wake. Chumba kilekile nilichochagua. Alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp: bahari, matunda, mlango wa mbao wenye nakshi, kitanda. Nilizitazama zote, zaidi ya mara moja, na wivu wangu ulikuwa mtupu, hauna falsafa ndani yake. Jumapili nilipokuwa Msambweni, Mama akaomba simu azione naye. Alizipita za bahari haraka. Kwenye ya kitanda akasimama, akaivuta kwa vidole viwili mpaka pindo la shuka likajaa kioo kizima.

"Wamezipiga pasi zikiwa bado na unyevu," akasema. "Babako alikuwa akifanya hivyo."