Mboji kati ya Najisi na Tohara

Mboji ni udongo mweusi unaopatikana mabaki ya mimea na wanyama yanapooza mpaka yakawa kitu kimoja. Nyumbani hutengenezwa kwa maganda ya ndizi na mihogo, majani makavu, magugu ambayo hayajatoa mbegu, na mara nyingi samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku. Kwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii, samadi hiyo huzusha swali la fikihi lenye mzizi wa kifalsafa: kitu najisi kikishageuka umbo, rangi na harufu, je, bado ni kitu kilekile?

Jibu huanzia ndani ya biwi la mboji lenyewe. Majani makavu hutandazwa chini, juu yake maganda mabichi, kisha samadi, na kila tabaka hunyunyiziwa maji hadi liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Biwi la kama mita 1 kila upande hutunza joto vizuri. Bakteria wakishika kazi, katikati hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto la kuua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Mkulima huchomeka fimbo hadi kitovuni na kuichomoa baada ya siku chache: ikitoka ya moto na yenye unyevu, uozaji unakwenda, ikitoka kavu, biwi linataka maji. Hupinduliwa mara kwa mara ili hewa ipite. Baada ya miezi 3 hadi 6, kiganjani hubaki kitu laini chenye harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza, na hakuna awezaye kuonyesha punje ipi ilikuwa ganda na ipi ilikuwa kinyesi.

Kugeuka huko wanazuoni hukuita istihala. Kwa Wamaliki na Wahambali suala ni jepesi, kwani kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tohara tangu mwanzo. Wahanafi na Washafii huhesabu kinyesi cha ng'ombe na mbuzi kuwa najisi, lakini hutofautiana kuhusu mwisho wake. Muhammad bin Hassan al-Shaybani (aliyefariki mwaka 805), mwanafunzi wa Abu Hanifa, alishika kwamba hukumu hufuata uhalisia wa kitu: punda akianguka katika shimo la chumvi akageuka chumvi, kilichopo sasa ni chumvi. Abu Yusuf, mwanafunzi mwenzake, hakukubali, lakini rai ya Shaybani ndiyo iliyotiliwa nguvu katika madhehebu ya Wahanafi. Ibn Hazm wa Andalusia (994–1064) naye alifundisha kwamba hukumu hufungamana na jina. Jina likiondoka kwa haki, hukumu huondoka nalo.

Washafii hushikilia kwamba kilicho najisi kwa dhati yake hakitohariki kwa kugeuka, ila katika mambo machache, kama vile pombe inapokuwa siki yenyewe bila kutiwa kitu. Hata jivu la samadi kwao ni najisi. Kwa msingi huo, mboji yenye samadi hubaki najisi, ingawa kuitia shambani kunaruhusiwa pamoja na karaha. Msimamo huu una hoja nzito: tohara ni ibada, na mipaka ya ibada haiwekwi na macho wala pua.

Hata hivyo, pande zote hukutana kwenye mmea. Imamu Nawawi (1233–1277), nguzo ya Washafii, alieleza kwamba mmea uliootea kwenye samadi si najisi kwa dhati yake. Palipogusana na najisi huoshwa, na nafaka inayotoka katika suke lake ni tohara. Kwa hiyo hakuna anayekana kwamba uchafu unaweza kuishia katika chakula safi. Hitilafu ni juu ya mahali mpaka ulipo: Mhanafi huuona ndani ya biwi, Mshafii huuona kwenye mzizi.

Nyumbani, tofauti hii ina njia ya wazi. Biwi la maganda na majani matupu ni tohara kwa wote, maana kuoza peke yake si najisi. Lenye samadi hutengwa, mikono na nguo zilizoguswa nalo huoshwa kabla ya swala, na mchicha uliokuzwa kwalo huoshwa kabla ya kuingia chunguni.