Je, Kukaa Kimya Kazini ni Dhambi?



Wapendwa vijana, wiki mbili zilizopita kaka yangu alinipigia simu saa nne usiku. Anafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya teknolojia, wanatengeneza programu za simu. Mishahara imechelewa miezi mitatu. Wateja wanapiga simu kila siku, na bosi amewaagiza wafanyakazi wajibu kwamba mfumo utakuwa tayari mwisho wa mwezi.

"Frateri," akaniambia (akiniita hivyo badala ya jina langu najua kuna jambo), "huo mfumo hata mwakani hautakuwa tayari. Sisi sote tunajua. Bosi peke yake ndiye hajui, maana hakuna anayethubutu kumwambia. Nikisema, nafukuzwa. Nina watoto wawili. Sasa nikikaa kimya, natenda dhambi?"

Nilitaka kumjibu palepale. Nimesoma falsafa, majibu ninayo. Lakini mimi nakula chakula cha seminari, sijawahi kudaiwa kodi ya nyumba. Ni rahisi kuwa shujaa kwa ugali wa mwingine. Nikamwomba anipe siku chache.

Katika siku hizo nilifikiria sana habari za Nokia. Wengi wetu tumekua tukiziona simu zake nyumbani. Ile ya tochi, Nokia 1100, ilitoka mwaka 2003 ikauzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Kufikia mwaka 2007, karibu simu 4 katika kila 10 zilizouzwa duniani zilikuwa za kampuni hiyo ya Finland. Mwaka huohuo iPhone ikaingia sokoni. Miaka saba baadaye, Aprili 2014, biashara ya simu ya Nokia ilikuwa mikononi mwa Microsoft, na Julai ya mwaka huohuo Microsoft ikatangaza kupunguza hadi wafanyakazi 18,000, wapatao 12,500 kati yao wakiwa wametoka Nokia.

Ilikuwaje? Wahandisi wao hawakuwa wajinga. Mwaka 2016 watafiti wawili, Timo Vuori na Quy Huy, walichapisha matokeo ya mahojiano 76 na mameneja, wahandisi na wataalamu wa nje. Walichokikuta ni woga. Wakubwa waliwaogopa washindani na wenye hisa, kwa hiyo wakawabana walio chini yao. Wengine walifoka vikaoni. Mameneja wa kati nao wakawaogopa wakubwa. Wengi walijua kwamba programu endeshi ya Symbian haikuweza kushindana na iPhone, lakini habari zilizopanda juu zilikuwa zimepunguzwa makali, au hazikupanda kabisa. Wakubwa wakaamua mambo makubwa kwa kutegemea matumaini ambayo walio chini hawakuwa nayo. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hili si jambo geni kwenye Biblia. Fungua 1 Wafalme 22. Mfalme Ahabu anataka kwenda vitani Ramoth-Gileadi. Manabii mia nne wanamwambia nenda, utashinda. Anaitwa Mikaya mwana wa Imla, na njiani yule mjumbe anampa ushauri wa kirafiki: wenzako wote wamesema mazuri, nawe sema hivyohivyo. Huyo mjumbe yupo kwenye kila ofisi, na mara nyingi hana nia mbaya, anataka tu usiumie. Mikaya akasema ukweli, akapigwa kofi, akafungwa gerezani. Ahabu akaenda vitani, akafa.

Sasa turudi kwenye swali. Kaka yangu aliuliza swali moja, lakini ndani yake yamo mawili, na tukiyachanganya tutakosea.

La kwanza ni wateja. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatenganisha kusema uongo na kutosema ukweli wote. Uongo hauruhusiwi hata kwa nia njema, lakini kuficha jambo kwa busara kunaweza kuwa halali. Katekisimu nayo, namba 2489, inatufundisha kwamba hatulazimiki kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Kwa hiyo kaka halazimiki kuwatangazia wateja matatizo ya ofisi. Ila kuwatajia tarehe anayojua ni ya uongo, wakati wanalipia huduma hiyo, hapo amevuka mstari. Anaweza kusema, "Tarehe siwezi kukuahidi, naomba uongee na mkurugenzi."

La pili ni bosi. Hapa watu wengi hushangaa: Thomas anafundisha kwamba hata aliye chini ana wajibu wa kumsahihisha mkubwa wake, kwa upole na heshima, kwa sababu masahihisho ya kidugu ni tendo la upendo. Mfano wake ni Paulo alivyomkabili Petro, Wagalatia 2. Ukinyamaza ukimwona mwenzako anaelekea shimoni, huwezi kusema umemheshimu. Umemwacha tu aanguke.

Lakini je, na woga? Katekisimu namba 1735 inakiri kwamba woga unaweza kupunguza hatia ya mtu. Mungu anaijua kodi ya nyumba, anaijua ada ya shule. Hata hivyo woga kupunguza hatia hakulifanyi tendo kuwa jema. Na sehemu ya hatia hiyo inamwangukia aliyeufanya ukweli uwe ghali. Wewe unayesoma hapa ambaye ni mwenyekiti wa vijana, kiongozi wa kwaya au una vijana wawili wanaokusaidia dukani, jiulize: mara ya mwisho mtu alipokuletea habari mbaya, ulimfanya nini?

Niseme na langu. Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji, niliandika ripoti ya semina ya vijana. Walikuja kama 40. Nikaandika 120, kwa kuwa nilijua wanaoisoma wangefurahi. Wakafurahi kweli. Semina iliyofuata ikapikiwa chakula cha watu 120, na mama mmoja wa jumuiya akaniuliza taratibu, akiwa ameshika sufuria, "Frateri, wenzenu wako wapi?" Sikuwa na watoto wa kulisha. Sikuwa na kisingizio chochote.

Basi nilimpigia kaka. Nilimwambia: usiwadanganye wateja. Nenda kwa bosi faraghani, usiseme mbele ya wote, na kama huwezi peke yako, mchukue mwenzako mmoja au wawili, kama Yesu anavyoelekeza katika Mathayo 18. Nenda na jambo linaloweza kufanyika, usiende na lawama tupu. Na anza kutafuta kazi nyingine, hiyo si dhambi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi, alitukumbusha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, mtu hayupo kwa ajili ya kazi.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Ni rahisi kwako kusema." Nikamwambia ni kweli.

Alhamisi iliyopita alikwenda, na wenzake wawili. Bosi hakufoka. Aliwasikiliza, akasema atafikiri. Mpaka leo hawajui kama mwezi ujao watakuwa na kazi. Ila kaka anasema usiku ule alilala.

Naomba tumwombee, pamoja na bosi wake, na wote ambao leo asubuhi wameingia ofisini wakiwa na ukweli unaowakwama kooni. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.