Nani Alikosa? Nani Alinde?

Katika Injili ya Yoane tunasoma habari ya mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walipomwona njiani hawakuuliza namna ya kumsaidia. Waliuliza kwanza nani alitenda dhambi, yeye mwenyewe ao wazazi wake. Yezu alikataa maneno hayo. Aliwajibu kwamba si yeye, wala si wazazi wake. Kisha akashika kazi ya kumponya.

Swali la wanafunzi halijafa. Hata leo, mtoto akizaliwa haoni ao hasikii, maneno huanza mjini: Mama yake alikula nini? Alivunja mwiko gani? Nani aliwaloga? Mara nyingine mume humrudisha mke kwao. Mara nyingine jamaa huenda kwa mfumu ili awatajie jina la mtu. Hivi mtoto mmoja kipofu anakuwa sababu ya nyumba mbili kuchukiana, na yeye mwenyewe anasahauliwa pembeni.

Leo tunataka kufikiri pamoja juu ya ugonjwa mmoja unaoweza kumpofusha mtoto na kumtia uziwi angali tumboni mwa mama. Ni ugonjwa mdogo wa watoto, lakini unatuuliza swali kubwa: Je, tuna wajibu gani kwa mtu tusiyemwona, ambaye tunaweza kumwumiza bila kujua?

Ugonjwa gani?

Jina lake ni rubela. Waliosoma Kifaransa huiita rubeole. Wengi huichanganya na surua, lakini ni ugonjwa mwingine. Mtoto anashikwa na homa kidogo, upele mwekundu unatoka usoni na kushuka mwilini, tezi zinavimba nyuma ya masikio. Siku tatu hivi zikipita, upele umekwisha, na mtoto amerudi kucheza mpira. Tena wako wengi wasiotoka upele: karibu nusu ya wanaoshikwa hawajui kama wameshikwa. Hata hivyo wanaambukiza wengine kwa kukohoa na kupiga chafya. Anayetoka upele naye huanza kuambukiza karibu juma moja kabla upele haujaonekana.

Aliyeugua mara moja, mwili wake hushika kinga, na kwa kawaida haugui tena. Kwa mtoto ni jambo la kusahau. Lakini kwa mama mwenye mimba changa asiye na kinga, ni habari nyingine kabisa. Virusi vya rubela hupita katika damu yake, huvuka kondo la nyuma, hufika kwa kitoto wakati ule ule macho, masikio na moyo wake vinapoumbwa. Mama akishikwa katika majuma 12 ya kwanza, watoto hata 9 katika 10 wanaweza kupata madhara. Baada ya juma la 20 madhara ni haba. Mimba nyingine hutoka. Watoto wengine huzaliwa wafu. Wengine huzaliwa na mtoto wa jicho, ao uziwi, ao ubovu wa moyo, ao akili isiyokua sawasawa.

Mganga aliyewasikiliza wamama

Zamani waganga hawakujua mambo haya. Mwaka 1941, mjini Sydney katika nchi ya Australia, mganga wa macho aitwaye Norman Gregg alistaajabu kuona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho. Sisi sote twajua ya kuwa mtoto wa jicho huwapata hasa wazee. Mbona sasa watoto wa maziwa? Husimuliwa kwamba wamama waliokuwa wakingoja kwake walizungumza wao kwa wao, wakasema ya kuwa waliugua rubela walipokuwa na mimba. Mwaka uliotangulia ugonjwa huo ulikuwa umeenea sana nchini mwao. Gregg hakuyadharau maneno hayo kama mazungumzo ya wanawake. Alichunguza habari za watoto 78, akaona kwamba 68 kati yao mama zao waliugua rubela, na wengi waliugua mwanzoni mwa mimba. Waganga wengine walikawia kumsadiki, lakini wakati ulionyesha kwamba amesema kweli.

Angalieni vema. Mtu huyu naye aliuliza sababu ya upofu, kama wanafunzi walivyouliza. Lakini wao walitafuta mwenye kosa, yeye alitafuta njia ya ugonjwa. Akaona nini? Hakuona mwiko uliovunjwa wala ulozi. Aliona mama aliyeketi karibu na mtoto mwenye homa kidogo. Labda mtoto huyo alikuwa wake mwenyewe, naye alimpakata ili anyamaze. Nani atasema kwamba mama huyo alitenda dhambi? Na yule mtoto aliyepiga chafya, tutamhukumu?

Basi, twajifunza kwamba yako mabaya makubwa yanayotokea bila mtu mbaya. Kwa hiyo anayemtukana mama wa mtoto kipofu, na anayemtaja jirani kuwa mlozi, wanasema uongo juu ya mtu asiye na kosa. Na huo uongo ni dhambi ya kweli, tena wanaitenda wao.

Kosa ni jambo moja, wajibu ni jingine

Lakini tujihadhari. Watu wengine wakisikia kwamba hakuna aliyekosa, hufikiri kwamba hakuna mwenye wajibu. Sivyo. Tuseme mtu anatembea usiku, hajui ya kuwa mvua imechimba shimo njiani, anamwongoza mwenzake na mwenzake anaanguka. Hana dhambi. Asubuhi amekwisha kuliona shimo. Kama akilipita na kusema, "Mimi ninajua kuliruka," na jioni mzee asiyeona vema akaanguka humo, atajibu nini mbele ya Mungu? Hakulichimba yeye, ni kweli. Lakini alilijua, na alikuwa na jembe mkononi.

Kabla ya mwaka 1941 tulikuwa wote usikuni. Leo tunajua. Tena tangu mwaka 1969 iko chanjo ya kuzuia rubela, jembe limepatikana. Anayejua, na mwenye uwezo, ana wajibu.

Mama asiye na kinga

Katika nchi kama Ufaransa, mama anapoanza mimba hutolewa damu ili waone kama ana kinga ya rubela. Tuseme mmoja wa dada zetu waliohamia huko anaambiwa kwamba damu yake haina kinga. Anaogopa, anasema: "Basi, nipeni sindano leo." Anajibiwa kwamba haiwezekani. Chanjo hii ina virusi hai vilivyopunguzwa nguvu, na kwa uangalifu hawampi mwenye mimba. (Mama aliyechanjwa bila kujua kwamba ana mimba asifadhaike, haijaonekana kwamba chanjo ilimletea mtoto madhara hayo.) Atachanjwa akiisha kuzaa, hata akiwa ananyonyesha, na anayechanjwa angoje mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Kwa sasa anaambiwa ajitenge na wagonjwa wenye upele.

Shauri hilo ni jema, lakini atajitengaje na ugonjwa usioonekana? Watoto wake wanarudi kutoka shuleni kila siku. Siku ya Mungu anaketi kanisani katikati ya watu mia mbili. Kwa miezi ile, kinga yake haimo mwilini mwake. Imo katika miili ya wengine: katika mume wake, katika watoto wake, katika kijana anayeimba nyuma yake, katika mtoto wa jirani anayekuja kuomba chumvi. Hao wakiwa na kinga, ugonjwa haupati njia ya kumfikia. Wasipokuwa nayo, yeye hana ukuta.

Huku kwetu Kongo wamama wengi hawapimwi damu kwa ajili ya ugonjwa huu, na kwa miaka mingi watoto wetu walipewa sindano ya surua peke yake. Wamama wengi wana kinga kwa sababu waliugua utotoni. Lakini wako wasiougua, na mara nyingi mwenyewe hajui kama yumo katika hao. Kwa hiyo mfano wa dada yetu wa Ulaya ni mfano wetu pia. Yeye aliambiwa hatari yake. Wamama wetu hawaambiwi.

Maneno matatu ya kujitetea

Neno la kwanza: "Mwanangu ni mvulana, hatazaa." Nchi ya Uingereza ilifikiri karibu hivyo. Tangu mwaka 1970 waliwachanja wasichana wa shule, na wanawake waliokosa kinga. Wavulana waliachwa. Ikawaje? Ugonjwa uliendelea kutembea kwa watoto na vijana, na wamama wengine walizidi kushikwa. Mwaka 1988 waligeuza mpango, wakaanza kuchanja watoto wote, wa kiume na wa kike. Na bado mwaka 1996 ugonjwa ulizuka tena, hasa kwa vijana wanaume ambao hawakuchanjwa utotoni. Kumwambia mwanamke peke yake ajilinde, na kumwacha mwanamume abebe ugonjwa apendavyo, si haki, tena haifai kitu. Baba wa jamaa asiyemchanja mwanawe wa kiume anaacha mlango wazi katika nyumba ya mtu mwingine.

Neno la pili: "Wengine watawachanja wao, yatosha." Tutazame nchi ya Ugiriki. Huko chanjo ilikuwapo tangu miaka ya 1970, lakini kwa miaka mingi hawakufika hata nusu ya watoto. Ugonjwa ulipungua kidogo, na kwa hiyo wasichana wengi walikua bila kuugua na bila kuchanjwa. Wakaolewa hawana kinga. Mwaka 1993 rubela ikazuka, na baadaye walihesabu watoto 25 waliozaliwa na madhara yake. Sikieni hatari ya wema wa nusu: usipotimizwa unaweza kuzidisha yale uliotaka kuyaondoa. Wajibu wa wote, kila mtu akimwachia mwenzake, unakuwa mtego.

Neno la tatu ni zito, na wanaolisema mara nyingi ni Wakristu wenye dhamiri hai: "Tumesikia kwamba chanjo hii ina asili mbaya." Hatutaficha. Chanjo ya rubela inayotumika zaidi duniani ilitengenezwa na mganga Stanley Plotkin huko Philadelphia, Marekani, na inakuzwa katika seli ambazo asili yake ni kitoto kilichotolewa mimba katika miaka ya 1960. Kutoa mimba ni ubaya, na chanjo njema haiugeuzi kuwa wema. Je, mzazi anayechanja mtoto leo anashiriki ubaya ule? Mwaka 2005 Akademia ya Kipapa ya Uhai, huko Roma, ilijibu swali hilo. Ilisema kwamba mzazi hakuutaka ubaya huo wala hakuutenda, yuko mbali nao. Pasipo chanjo nyingine anaweza kutumia hii ili awalinde watoto na wamama wenye mimba, lakini wenye uwezo wadai chanjo isiyo na asili hiyo. Mwaka 2017 Akademia hiyo ilirudia kukumbusha wajibu wa kuchanja kwa ajili ya usalama wa wengine. Basi, dhamiri iliyo hai isimtazame mtoto mmoja tu. Imhuzunikie yule aliyeuawa zamani, na imlinde huyu aliye tumboni leo.

Akiisha kushikwa

Itakuwaje kama ulinzi umeshindwa, na mama ameshikwa? Hapo watu wengine humnong'oneza aitoe mimba. Hofu ya mama tunaielewa, wala tusimhukumu. Lakini kitoto kile si kosa la kufuta. Naye mama asiachwe peke yake na hofu yake. Mumewe, wazazi na parokia wawe karibu naye.

Na mtoto akizaliwa na madhara, msikimbilie kwa mfumu. Mpelekeni hospitali upesi, kwa maana mtoto wa jicho huweza kupasuliwa, na upesi ni afadhali kuliko kukawia. Asiyesikia apelekwe kwenye shule ya viziwi, afundishwe lugha ya mikono, asikae jikoni kama mtu asiye na akili. Jueni pia kwamba mtoto huyo anaweza kuambukiza hata mwaka mmoja. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba asimpakate. Nyanya yake na wote wenye kinga wampakate maradufu. Huko si kumtenga, ni kugawana kazi ya upendo.

Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba rubela haienei tena yenyewe katika nchi zote za Amerika, za kaskazini na za kusini. Mataifa hayo hayakufika hapo kwa kutafuta walozi. Walichanja watoto, wa kiume na wa kike, wa tajiri na wa maskini.

Basi, mababa wa jamaa, ulizeni kwenye dispensari ya mahali penu juu ya chanjo hii, na kama ipo pelekeni watoto wote. Wasichana mnaojitayarisha kwa ndoa, ulizeni kabla ya mimba, si baada yake. Wakatekista, mkisikia mama wa mtoto kipofu anatukanwa, msinyamaze. Na siku tukimwona mtoto huyo njiani, tusirudie swali ambalo Yezu alilikataa. Tumwulize mama yake kama amekwisha kumpeleka hospitali, na kama hana nauli, tumtafutie.