Kwa Hatua za Mtoto

Twaomba mfungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo anarudi kwao baada ya miaka mingi ya ugenini, naye Esau ndugu yake anamlaki na watu mia nne. Wamekwisha kukumbatiana na kulia, na Esau ataka waondoke pamoja mara moja. Yakobo akataa kwa upole. Aeleza kwamba watoto bado wadogo na mifugo yanyonyesha, na kwamba wakikimbizwa hata siku moja kundi litakufa. Basi Esau atangulie. Yeye atafuata taratibu, kadiri miguu ya watoto itakavyoweza. Twajua ya kuwa Yakobo alikuwa mjanja, na pengine alikuwa na sababu nyingine ya kutopenda kuongozana na watu mia nne. Kwa kweli hakwenda Seiri, alikwenda Sukothi. Hata hivyo alichosema juu ya watoto kilikuwa kweli, maana mtu hatoi udhuru usioaminika.

Sisi watu wa Tabora jambo hilo latuhusu, kwa kuwa mji wetu umekuzwa na misafara. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndipo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, na mwezi wa Juni alikuwa amekwisha kufika Unyanyembe. Lakini Wazungu wawili aliotoka nao pwani hawakurudi. Farquhar aliachwa mgonjwa karibu na Mpwapwa akafa huko. Shaw alirudishwa kutoka njiani akafa Kwihara, na kaburi lake liko huko. Hatusemi kwamba haraka ndiyo iliyowaua, waliugua. Twasema tu kwamba msafara haukuwangoja. Wala tusisahau kwamba katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, na watoto miongoni mwao, ambao mwendo wao uliamuliwa na mwenye mjeledi.

Wapagazi wa Kinyamwezi nao walikuwa na desturi zao. Baadhi yao walisafiri na wake zao na hata watoto, mtoto akibeba kibuyu au kitu kingine chepesi kwa kadiri ya nguvu zake. Mbele alitangulia kiongozi, aliyeitwa kirangozi, na haikuruhusiwa mtu kumpita. Hapo ndipo swali letu lilipo. Katika nyumba yenye mtoto, mwendo uamuliwe na nani? Na mwenye nguvu kuliko wote, au na mwenye miguu mifupi?

Sisi tuliwahi kulijibu vibaya. Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu tuliwaambia wanachuo kila mwaka: ukiisha kuuliza swali, ngoja. Hesabu kimoyomoyo hata tano kabla ya kumwita mtoto mwingine, kwa kuwa anayenyamaza si lazima awe hajui; huenda bado yuko njiani. Wakati wa mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa, saa mkononi, tukiwapunguzia alama wasiongoja. Kisha tulirudi nyumbani, na mwana wetu wa kwanza akichelewa kufunga kamba za viatu, tulimfungia. Akianza kueleza jambo, tulimmalizia. Alipotimiza miaka saba tulimpeleka bweni, mbali, ili asiachwe na wenzake. Akafaulu. Leo ni mtu mzima mwenye kazi nzuri. Hutupigia simu kila Jumapili, na simu yenyewe haizidi dakika tatu. Hatumlaumu hata kidogo. Mwendo huo alijifunza kwetu.

Siku hizi jambo hilo limezidi. Mtoto wa darasa la tatu huamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi gari la shule, jioni ana masomo ya ziada, Jumamosi vilevile, na upimaji wa darasa la nne ukikaribia, hata shule ya Jumapili huambiwa ingoje. Mwaka 2023 Serikali ilikataza bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali. Tulifurahi sana. Kisha tukawasikia wazazi wakiulizana kibali chapatikana wapi.

Tulipoyasema haya kwa maneno machache baada ya ibada, mama mmoja alitufuata nje. Alituamkia vizuri, kisha akasema, "Mwalimu, ninyi mna pensheni. Mimi nauza maandazi stendi. Nikienda kwa hatua za mtoto, abiria watakuwa wameshakula kwa mwingine." Neno lake lilikuwa la haki, na siku ile hatukuwa na jibu.

Baadaye tulikumbuka Mgunda Mkali, ile nyika iliyokuwa kati ya Ugogo na Unyamwezi. Huko maji yalikuwa ya shida, na misafara ilipiga terekeza, yaani safari ya kuanzia mchana hata usiku, ili kuyawahi maji. Hapo mtoto mchovu hana budi kubebwa, na hakuna awezaye kuona kosa, kwa maana kiu haingoji. Mama yule yuko Mgunda Mkali, na mwanawe anaijua kiu hiyo, kwa kuwa jioni hukaa naye wakikanda unga na kuzungumza. Lakini sisi tuliokuwa na mshahara na nyumba ya chuo, tulikuwa na kiu gani? Tulikuwa tumekwisha kufika penye maji, na bado tulikimbia.

Sasa tunaye mjukuu wa miaka minne, mtoto wa binti yetu, anayekaa kwetu. Kutoka kanisani hata nyumbani ni dakika ishirini kwa mtu mzima. Pamoja naye ni karibu saa nzima, maana kila mwembe una jambo lake. Jumapili moja alikuta siafu wakivuka njia, akachuchumaa. Tulikuwa tumekwisha kumshika mkono tumwinue, maana jua lilikuwa kali na njaa ilikuwa inauma, ndipo tukakumbuka wale wanachuo wetu. Tukaanza kuhesabu. Tulipita tano, tukapita hamsini.

"Babu," akasema, "wengine wamebeba vitu vyeupe."

Tukavaa miwani, tukainama. Kweli walikuwa wamebeba, chini ya matumbo yao, vitu vidogo kama punje za mchele. Katika miaka yetu yote ya kufundisha sayansi hatukuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yetu. Tulikaa pale hata wa mwisho akavuka. Wali tuliukuta umepoa, na bibi yake akatuuliza tulikuwa wapi.