Nehemia Alikagua Kwanza
Andiko: Nehemia 2:11–18, 3:8–12, Luka 14:28



Nehemia alikaa Yerusalemu siku tatu kimya. Usiku akaamka na watu wachache, akaenda kukagua kuta, mpaka mahali ambapo hata mnyama aliyempanda alikosa pa kupita. Hakuitisha harambee kabla ya kuona mabomoko kwa macho yake.

Sasa twende Ngara, Nairobi. Wazee wetu wanaikumbuka Shan, sinema ya filamu za Kihindi. Video zilipoingia majumbani, sinema nyingi za mjini zilifungwa. Zingine ziligeuka makanisa, nasi tukapiga vigelegele. Shan ikachukuliwa na Sarakasi Trust. Ukumbi wa sinema una dari ya juu, na mwanasarakasi anahitaji dari ya juu! Leo pale vijana wanafunzwa sarakasi, dansi na muziki, na ukumbi unakodishwa kwa hafla.

Najua kuna atakayeuliza, "Pasta, kwani sarakasi imefika madhabahuni?" Tulia kidogo. Mimi nauliza tu: jengo lao linafanya kazi siku ngapi kwa wiki? Na letu hapa Kitengela?

Letu tunalifunga Jumapili saa nane, kufuli inakaa hadi Jumamosi, kwaya ikija mazoezi. Nimesomea biashara. Mali inayofanya kazi siku mbili kati ya saba, kwa mwingine ningeiita hasara. Lakini bajeti ya mwaka huu niliiandika mimi, na geti jipya nikaliweka juu ya kila kitu.

Juzi jioni nilikuta watoto watatu nje ya geti hilo, wanafanya kazi ya shule kwa mwanga wa taa ya duka. Mama zao walikuwa shifti, EPZ kule Athi River. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Niliwasalimia, nikaenda zangu nyumbani.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Tazama sura ya tatu, nani walijenga? Mfua dhahabu. Mtengeneza manukato. Shalumu na binti zake. Wengine walijenga mbele ya nyumba zao tu. Sisi tuna mafundi wa stima, tuna walimu waliostaafu, tuna akina mama wanaojua kupikia watoto hamsini uji.

Yesu alisema gharama ihesabiwe kwanza, kwa hivyo geti litangoja. Jumatano baada ya maombi tunazunguka ukumbi: paa, waya, choo, madirisha ya nyuma. Mwenye futi ya kupimia aje nayo.