Mkeka wa Nyumbani na Mtoto wa Jirani

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kuwa Waafrika walifunza watoto wao kabla ya kuwako shule, kwa kuishi na kutenda. Yeye alizaliwa Butiama mwaka 1922, katika mji wa Mtemi Burito mwenye wake wengi. Mtoto huko hakukosa mama wa kumwonya. Lakini mji ule ulifunza kwa Kizanaki. Mjita wa Bunda au Mjaluo wa Musoma angeketi hapo mgeni. Kiswahili, lugha isiyouliza ukoo, Nyerere alijifunza shuleni Mwisenge, Musoma, alikoingia mwaka 1934. Sheria ya mwaka 1978 yampeleka kila mtoto shuleni. Jioni imebaki mali ya wazazi. Basi jamaa zikusanyazo watoto jioni ziulizane: mtoto gani wa jirani hajaitwa, na ni nani aliyeona haya kumwita?