Mkono Ukiinuka, Simama

Je, kumhoji daktari ni upungufu wa imani? Wifi yangu wa Beni, Mbatisti wa CBCA, husema ukishaomba, kaa kitini unyamaze, Mungu ataongoza koleo la meno. Mimi ni Mkatoliki, nauza vitenge Butembo, na hakuna mteja wangu anayelipa kabla ya kukunjua kitambaa chote. Biblia yetu ina kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho yake haina. Sura ya 38 inataka daktari aheshimiwe, tena inasema naye humwomba Mungu amfanikishe. Basi daktari ni mwombaji mwenzangu, na mwombaji huulizwa.

Kwa daktari wa meno neno hili ni zito zaidi. Mwenye homa anaweza kukataa dawa wakati wowote. Aliyeachama, ulimi umekufa ganzi na pamba imejaa shavuni, hana tena sauti. Yote yasemwe kabla.

Ndiyo maana nilipompeleka mwanangu kutazamwa jino niliuliza. Koleo limesafishwaje? Kulichemsha kwenye sufuria hakutoshi. Kuna vijidudu visivyokufa mpaka mvuke wa shinikizo, nyuzi 121, kwa robo saa au zaidi. Umeme ukikatika mnafanyaje? Jino hili haliwezi kuzibwa, mpaka ling'olewe? Daktari mmoja alinijibu kwamba foleni ni ndefu. Tukaondoka.

Tuliyebaki naye alijibu yote, kisha akamgeukia mwanangu: "Kijana, ukisikia maumivu inua mkono, nitaacha." Mtoto akainua mkono kabla hata hajaguswa, kumjaribu tu. Daktari akaweka chombo chini, akasubiri. Cheti chake kilikuwa ukutani, lakini hapo ndipo nilipomwamini.

Mji wetu unajua bei ya kuuliza bila kujibiwa. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, magari ya wageni yalijaa, na tukatakiwa kuamini siku hiyohiyo. Tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wakichinjwa pande za Beni, na hatukuwahi kuona msafara kama ule. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo, ilhali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Wengi wakaona mkono wao umeinuka na hakuna anayeutazama.

Lakini shaka nayo ina dhambi yake, pale inapokataa kusubiri jibu. Chanjo ya Ebola ilikuwa ya kweli, na waliozikwa walikuwa wa kweli: zaidi ya watu 2,200 kabla ugonjwa haujatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Tarehe 19 Aprili 2019 wenye silaha walimuua Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni, ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hapa kwetu. Alikuwa amekuja kutusaidia dhidi ya Ebola. Anayeuliza ana deni la kusikiliza.

Kitabu cha Mwanzo tunacho sote wawili, wifi na mimi. Humo Abrahamu anamhoji Mungu juu ya Sodoma: wakipatikana wenye haki hamsini je? Arobaini na watano je? Anashuka mpaka kumi, na kila mara anajibiwa. Daktari anayechukia kuulizwa kuhusu koleo anadai heshima ambayo Mungu mwenyewe hakuidai.